Miti ya Dawa: Jinsi ya Kuilinda Porini na Kuipanda Shambani

Maneno kwa wakulima wa Kahama na jirani zao

Kila mkulima wa Kahama ajua miti ambayo wazee wake waliitumia kwa dawa. Ajua mlungulungu kwa miiba yake iliyosimama juu ya vinundu vya shina, na kwa majani yake yanukiayo kama ndimu yakifikichwa. Ajua mlundalunda kwa maganda yake marefu ya mviringo, yaning'iniayo kama fimbo, na kwa maua yake ya manjano yachanuayo kabla ya mvua. Ajua nengonengo kwa maua yake ya zambarau, na kwa mizizi yake yenye harufu kali kama dawa ya kuchua. Lakini ukimwuliza leo mti wa karibu uko wapi, katika vijiji vingi jibu lake ni safari ya mbali, wala si kichaka cha nyuma ya nyumba.

Maneno haya yataka kueleza jambo moja. Mti wa dawa usihesabiwe tena kuwa kitu cha bure kilichowekwa porini kwa kila apitaye. Uhesabiwe kuwa zao. Zao lina mbegu, lina kitalu, lina shamba, lina mwenyewe, na mwenyewe huchagua mbegu bora mwaka hata mwaka. Kazi hii yafaa ianzwe sasa, wakati mbegu zingali zapatikana. Mti wa mwisho ukishang'olewa, hakuna kitalu kiwezacho kuurudisha.

SABABU ZA MITI HII KUPUNGUA

Mapori ya Shinyanga yamefyekwa mara nyingi na kwa sababu nyingi. Zamani za utawala wa Waingereza, tangu miaka ya 1920, vichaka vilikatwa ili kufukuza mbung'o waletao malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kisha pamba na tumbaku zikataka mashamba mapya, na tumbaku yataka kuni nyingi za kukaushia majani. Mifugo ikaongezeka. Mwaka 1974 na 1975 watu walihamishiwa katika vijiji, na maeneo ya malisho waliyokuwa wameyatunza yakabaki bila mlinzi. Tena ikaja kazi ya dhahabu: mgodi wa Bulyanhulu ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001, na ule wa Buzwagi mwaka 2009, hata ukafikia mwisho wa uchimbaji wake mwaka 2021. Wachimbaji wadogo nao wametawanyika katika ukanda wote hadi Geita. Watu wakaja, mji wa Kahama ukakua, na mji unaokua hula mkaa mwingi.

Walakini shoka si adui pekee wa miti ya dawa. Mti mwingi wa porini ukikatwa shina huchipua tena kwenye kisiki. Hatari iliyo kubwa zaidi ni jembe la mchimba mizizi na panga la mbandua magome. Yafaa mkulima aelewe sababu. Chakula cha mti hutengenezwa na majani, nacho hushuka mizizini kwa njia ya sehemu laini ya gome, iliyo upande wa ndani. Gome likibanduliwa kulizunguka shina lote, njia hiyo hukatika. Mizizi hukosa chakula, na mti hufa polepole, hata kama majani yake bado ni mabichi kwa muda. Vivyo hivyo mti uliochimbwa mizizi pande zote hukosa maji, tena huangushwa na upepo wa kwanza.

Zamani mganga alichimba mzizi mmoja kwa mgonjwa mmoja, akafukia shimo, akaenda zake. Leo mizizi na magome huuzwa sokoni, na ajazaye gunia hana haja ya kuukumbuka mti alioutoa. Wakulima wote wa Tanzania wakumbuka mwaka 2011, maelfu kwa maelfu ya watu walipokwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa iliyochemshwa kutokana na mizizi ya mugariga. Hapa hatusemi neno juu ya dawa ile. Tunasema hili tu: mti waweza kuwa wa kawaida leo, na kesho sifa zake zikavuma nchi nzima, na kila aliye na jembe akautafuta. Mti usio na shamba wala kitalu hauna akiba ya kukabili siku kama ile.

NGITILI NI MWANZO MWEMA

Watu wa Usukuma na Unyamwezi walikuwa na hekima ya kuhifadhi nchi kabla ya wataalamu wote. Ngitili ni sehemu ya malisho ifungwayo mvua zinapoanza, nyasi zikue, kisha ikafunguliwa wakati wa kiangazi malisho mengine yaishapo. Mahali palipofungwa hivyo, visiki huchipua na mbegu zilizolala ardhini huota.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Wakati ule Kahama na Bukombe zote zilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mpango huu ulifanya jambo la busara: badala ya kuleta miti ya kigeni tu, uliwarudishia watu desturi yao ya ngitili. Mwaka ulioanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta kama 600 tu. Mpango ulipokoma mwaka 2004, zilikuwa zimezidi hekta 300,000, nyingine za mtu mmoja mmoja na nyingine za kijiji kizima. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Pamoja na hayo wataalamu wa HASHI na wa shirika la utafiti wa kilimo-mseto, ICRAF, waliwauliza waganga na wanakijiji wa Shinyanga ni miti ipi ya dawa itangulizwe katika kupandwa. Habari zao zilichapishwa mwaka 1999. Kati ya miti iliyotajwa mwanzoni ni hii mitatu: nengonengo, ambao wataalamu wa mimea huuita Securidaca longepedunculata, mlungulungu, yaani Zanthoxylum chalybeum, na mlundalunda, yaani Cassia abbreviata. Watu wenyewe ndio waliochagua. Waliichagua kwa kuwa yatumika sana, na kwa kuwa yazidi kuwa adimu.

Basi ngitili ni mwanzo mwema, lakini haitoshi peke yake. Ua wa miiba huzuia ng'ombe, haumzuii mtu mwenye jembe. Tena mti uliokwisha kabisa mahali fulani haurudi kwa kufungiwa tu, kwani haikubaki mbegu wala kisiki. Kwa hiyo mambo mawili yaongezwe: sheria ya kuchukua dawa, na kazi ya kupanda.

Sheria hiyo mwaweza kuitunga wenyewe. Mna dagashida, baraza la wazee na wananchi liamualo mambo ya ngitili. Mna sungusungu, jeshi la jadi lililoanzia pande hizi hizi za Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, nalo laweza kulinda miti kama lilivyolinda ng'ombe. Tena Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuweka taratibu zake. Yafaa dagashida liamue mambo matatu: nani aruhusiwe kuchimba dawa, achukue kiasi gani, na ni miti ipi isiguswe kabisa kwa kuwa ni mama wa mbegu.

KUCHUKUA DAWA BILA KUUA MTI

1. Gome libanduliwe kwa ukanda mwembamba wa kushuka, upande mmoja wa shina, wala lisizungushwe kamwe. Ukanda wa pili usikatwe mpaka jeraha la kwanza limefunikwa na gome jipya.

2. Mizizi ichimbwe upande mmoja tu, mbali kidogo na shina, na mzizi mkuu ushukao chini usiguswe. Shimo lifukiwe siku ile ile, kwa kuwa mizizi iliyoachwa juani hukauka, na mchwa huingia.

3. Mti mchanga usichimbwe. Mti ambao haujazaa mbegu hata mara moja haujamlipa mwenyewe deni lake.

4. Mahali waganga wajuapo kwamba majani au vijiti vyafaa kwa maradhi yale yale, yatumiwe hayo badala ya mizizi. Majani hurudi baada ya mvua moja. Mzizi mkubwa ni kazi ya miaka mingi. Lakini mtu asibadilishe kwa kubahatisha, kwani nguvu iliyo katika mzizi pengine haimo katika jani.

KUCHAGUA MITI MAMA

Mfugaji hachukui fahali yeyote tu kuwa baba wa kundi lake. Hutazama umbo, afya, na maziwa ya mama yake. Mkulima naye hachukui suke lolote la mtama kuwa mbegu. Huchagua masuke mema kabla ya kuvuna mengine. Miti ya dawa yataka kanuni hiyo hiyo, na hii ndiyo maana ya kuboresha mbegu.

Tembea porini pamoja na mganga ajuaye miti. Mwulize ni mti upi dawa yake yasifiwa kuwa na nguvu. Utaona kwamba miti ya jina moja haiko sawa: mmoja una gome chungu zaidi, mwingine una majani mengi, mwingine haushambuliwi na wadudu. Iliyo bora tia alama, na dagashida liikataze isichimbwe. Usifuate wepesi wa kukua peke yake. Uchungu na harufu vya mimea mingi ni silaha yake dhidi ya wadudu na wanyama, na mti ukuao upesi si lazima uwe ule wenye dawa nyingi.

Usikusanye mbegu kwa mti mmoja. Kusanya kwa miti kumi au zaidi, iliyo mbalimbali. Miti iliyosimama karibu karibu mara nyingi ni ndugu, na uzao wa ndugu hudhoofika, kama kundi ambalo fahali ameachwa kupanda binti zake. Mbegu za kila mama zitiwe katika mfuko wake wenye namba, na kitaluni zioteshwe mstari wake. Hivyo baada ya miaka michache utajua ni mama yupi azaaye miche yenye nguvu. Iliyo dhaifu utaing'oa, na iliyo mizuri itakuwa chanzo cha mbegu za wajukuu.

Juu ya mlungulungu kuna jambo la kukumbuka. Miti yake mingine ni ya kiume na mingine ya kike. Wa kiume hautoi mbegu, na mtu asiyejua huukata akisema ni tasa. Ukiikata yote ya kiume, ya kike nayo haitazaa. Acha ya namna zote mbili.

KITALU NA KUPANDA

Mbegu zikusanywe zinapokomaa, miche iwe tayari kupandwa shambani mvua zikishika, mwezi wa Novemba au Desemba. Kitalu kiwe karibu na maji, chini ya kivuli chepesi, na kizungushiwe ua imara kwa sababu ya kuku na mbuzi. Jaza viriba kwa mchanganyiko wa udongo wa porini sehemu tatu, samadi iliyooza sehemu moja, na mchanga sehemu moja.

Mlundalunda ndio ufaao kwa anayeanza. Pasua ganda, toa mbegu katika nyama yake, uzioshe. Zina ngozi ngumu. Basi zimwagie maji ya moto yaliyoepuliwa, uziache humo mpaka asubuhi, kisha uzipande.

Mlungulungu wataka haraka na subira pamoja. Mbegu zake ni nyeusi, zang'aa, na zina mafuta. Zikiwekwa muda mrefu hupoteza uhai. Kwa hiyo zipandwe zingali mpya. Hazioti zote kwa pamoja, wala usimwage udongo wa kiriba kwa kuwa jirani yake kimeota nacho bado. Waweza pia kuichukua miche iliyojiotea chini ya mti mama wakati wa mvua, pamoja na udongo wake.

Nengonengo ni mgumu kuliko yote. Mbegu zake, zenye bawa moja, huota chache, na miche mingi hufa ikihamishwa. Miti kadha wa kadha huishi kwa ushirika na kuvu wa udongoni, wausaidiao mzizi kupata chakula. Kwa hiyo yafaa udongo kidogo wa chini ya mti mama uchanganywe katika viriba. Lakini mkulima asitegemee kitalu kwa mti huu. Ulinzi wake mkuu ni ngitili, na yeyote aliye nao katika eneo lake ana mali isiyonunulika.

Shambani, miche ipandwe mpakani, karibu na nyumba, au ndani ya ngitili mahali palipo wazi. Anayetaka kuvuna mizizi na agawe kipande chake sehemu tano. Mwaka wa kwanza apande sehemu moja, mwaka wa pili ya pili, hata zimalizike zote. Sehemu ya kwanza ikikomaa ataichimba na kuipanda upya, na zile nyingine zitakuwa zikiendelea kukua. Hivyo hakuna mwaka atakaokosa mti uliosimama. Dhahabu ikishachimbwa haioti tena pale ilipotolewa. Mti wa dawa waota, mradi mtu ameuwekea mbegu.

MFANO WA NCHI YA MBALI

Wako wasemao kwamba mti wa mwitu hauwezi kufanywa zao. Na watazame habari za shizari la Kichina, liitwalo Artemisia annua. Lilikuwa gugu tu katika nchi ya China, likitajwa katika vitabu vya tiba vya kale. Mwaka 1967 Serikali ya China iliamuru dawa mpya ya malaria itafutwe, na mwaka 1972 Bibi Tu Youyou na wenzake walifaulu kuitoa dawa safi katika majani yake. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini kazi haikuishia maabara. Mimea ya mwitu ilikuwa na dawa kidogo, tena haikulingana. Ndipo wataalamu wakachagua mimea yenye dawa nyingi, wakaichanganya uzazi, wakapata mbegu bora, na wakulima wakailima mashambani, hata katika nyanda za juu za Tanzania na Kenya. Gugu likawa zao kwa njia ile ile iliyoelezwa hapa: kuchagua, kupanda, kulinganisha, na kuchagua tena.

TAHADHARI

Maneno haya yahusu kilimo cha miti, hayafundishi kutibu, na hayatoi kipimo cha dawa yoyote. Mizizi ya nengonengo ina sumu, na kipimo kibaya chaweza kuua. Isiwekwe mahali watoto wafikiapo. Mwenye homa, na hasa mtoto mdogo au mama mjamzito, apelekwe zahanati apimwe malaria, asicheleweshwe kwa dawa ya nyumbani. Hata shizari lililotajwa, Shirika la Afya Duniani halikubali linywewe kama chai kwa kutibu malaria. Dawa ni ile iliyopimwa na kuchanganywa na nyingine.

Waganga wajiandikishe katika Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002. Mganga aliyeandikishwa ni mnunuzi mwema kwa mkulima, kwa kuwa ataka dawa safi, iliyokaushwa kivulini, ya mti ujulikanao kwa hakika. Mazao ya msitu yasafirishwayo kwenda kuuzwa yana sheria zake. Mkulima amwulize afisa misitu kabla ya kupakia gunia, si baada ya kukamatwa njiani.

MAMBO YA KUFANYA MWAKA HUU

1. Kabla ya kiangazi kuisha, kila kijiji kihesabu miti ya dawa iliyobaki katika ngitili zake, na kuitia alama iliyo mama.

2. Dagashida litoe amri juu ya uchimbaji wa mizizi na ubanduaji wa magome, na sungusungu wajulishwe miti yenye alama.

3. Kila nyumba ioteshe miche kumi ya mlundalunda au mlungulungu, kwa mbegu za miti mbalimbali.

4. Wazee na waganga wawaonyeshe vijana miti hiyo, majina yake, na wakati wake wa kuzaa mbegu. Mti usiojulikana jina hukatwa kwa kuni, na maarifa yasiyosemwa huzikwa pamoja na mwenyewe.

Miche kumi ni kazi ya asubuhi moja na maji ya ndoo moja. Nyumba mia zikifanya hivyo, kijiji kitakuwa na miche elfu moja, na hata nusu yake ikifa kwa jua na mbuzi, mia tano zitasimama. Hiyo ni miti mingi kuliko ile ambayo vijiji vingi vyaweza kuihesabu leo katika pori lao.